Mwamuzi wa Wekundu

Pak Dikromo hakuwa na shamba, hakuwa na meno mawili ya mbele, wala hakuwa na cheo cha kikabaila cha kutanguliza kabla ya jina lake, mbali na hilo Pak analoitwa kila baba, ingawa aliketi kama anacho. Hakuwa na mtoto wa kiume. Hakuwa na mke tangu Mbok Ginah alipofariki. Hakuwa na subira, na kwa hesabu yake mwenyewe hakuwa na mtu hata mmoja wa kumshukuru. Na juu ya hayo yote, hakuwa na rangi nyekundu. Macho yake hayakuzaliwa nayo. Hilo la mwisho lilipata kujulikana na watu wawili tu duniani, na yeye hakuwa mmojawapo.

Sisi watu wa Lasem tulikuwa tumempa kazi ya kuamua wekundu.

Kwa asiyejua, Lasem, mji wetu wa pwani, inaishi kwa batiki, na batiki yetu inaishi kwa ule wekundu tunaouita damu ya kuku. Solo wana kahawia yao, Pekalongan wana maua yao ya kila rangi, sisi tuna damu ya kuku. Kitambaa cha bibi harusi hakitoki karakana kwenda kwao mpaka kwanza kitandikwe juu ya mkeka uani, asubuhi, mbele ya koo zote mbili. Jogoo anachinjwa, damu inadondoshwa juu ya kitambaa cheupe, na cheupe kinawekwa kando ya cha harusi. Mwamuzi anatazama, kisha anasema. Na ni lazima aseme upesi, maana damu haimngoji mtu: ikikauka inageuka kahawia, na hapo hakuna kitambaa duniani kitakachofanana na ilivyokuwa. Ndiyo sababu ya ugomvi mwingi. Shangazi wa bwana harusi amefika amechelewa, ametazama damu iliyokwisha kukauka, basi anaapa kwamba familia imetapeliwa, na yule aliyeiona mbichi anaapa kinyume, na wote wawili wanasema kweli. Mwamuzi akisema "ndiyo damu," harusi inaendelea. Akitikisa kichwa, kitambaa kinarudi kwenye pipa la rangi na bibi harusi anarudi chumbani kulia. Jogoo anakwenda na mwamuzi. Wenye ndimi chafu walisema wekundu wa Lasem hupanda na kushuka kwa unene wa jogoo, lakini watu hao hawakualikwa harusini.

Kazi hiyo Pak Dikromo aliipata baada ya mwamuzi wa zamani kuingia ukungu machoni. Wazee walitafuta mtu mwenye jicho, wakakosa, wakachukua mtu mwenye sauti. Yeye peke yake katika mtaa mzima hakuwa na neno "nadhani" kinywani. Mtu asiyesema "nadhani" hupanda haraka, na akishapanda, nani wa kumwambia ashuke?

Namna yake ya kuamua ilikuwa hii. Aliketi, akainua kidevu, akapapasa masharubu, akakitazama kitambaa kwa muda mrefu mpaka mtia rangi akaanza kutoka jasho. Wakati huo ndipo Mbok Ginah alipotokea na gilasi ya kahawa. Akiiweka chini alisema kama anayejisemea, "Mm, hii imeiva," au, "Masikini, hii imechoka." Pak Dikromo akainua kidole na kutamka, "Ndivyo nilivyokuwa nataka kusema." Na hakuwa anadanganya. Mtu aliyejibiwa maisha yake yote kabla hajauliza hudhani ndiye aliyesema. Nyumbani aliwahi kutumwa pilipili zilizoiva akarudi na za kijani, akaeleza kwamba tofauti kati yake ni madeko ya wanawake. Mbok Ginah alizipokea, akamshukuru, akaenda mwenyewe kuchuma nyingine.

Alipokuwa mgonjwa wa kufa, Mbok Ginah alimwita binti yake Marsiyem, akamwonyesha mahali paa linapovuja, akamwambia na habari ya macho ya baba yake. Basi. Kuanzia hapo kahawa ya mwamuzi ikaletwa na Marsiyem. Wekundu wa Lasem haukuyumba hata kidogo. Pak Dikromo hakugundua badiliko lolote, isipokuwa kwamba sukari ilipungua.

Miaka ikapita hivyo, majogoo nao wakapita, mpaka mambo yakaja kuharibika kwa sababu ya Wahono.

Wahono alikuwa mtoto wa pekee wa Marsiyem, na baba yake alikuwa amekufa. Kijana huyu alitaka chuo cha mabaharia kule Semarang, tawi la sitahani, avae sare nyeupe na ashike usukani. Chuo kilitaka cheti cha macho. Akaenda zahanati kwa Dokta Prawesti, mwanamke kijana aliyehamishiwa kwetu mwaka ule, naye akamfungulia kitabu cha vidoadoa. Ukurasa wa kwanza Wahono akasoma kumi na mbili. Ukurasa wa pili akaona vidoa tu, kama upele mgongoni mwa mtoto. Akabahatisha nane. Akabahatisha tano. Daktari akafunga kitabu polepole, akamwambia kwamba baharini gizani taa ya kijani na taa nyekundu ndiyo lugha ya meli, na asiyeijua lugha hiyo huua watu wengi kwa mara moja.

Baadaye alimwita Marsiyem akamweleza. Ndani kabisa ya jicho, alisema, kuna kama mbegu za aina tatu zinazopokea mwanga, na rangi tunazoziona ni maafikiano ya hizo tatu. Hakuna watu wawili waliogawiwa sawasawa, ndiyo maana hata mke na mume wenye macho mazima wanagombana kama shati ni la buluu au la kijani. Halafu wapo wanaume waliokosa aina moja kabisa. Mama huwabebea watoto wake upungufu huo bila yeye kudhurika, kama tarishi anayebeba barua asiyoijua imeandikwa nini.

"Na mama huwa ameupata wapi?" aliuliza Marsiyem, ingawa alikwisha kujua.

"Mara nyingi kwa baba yake. Baba yako macho yake yakoje, Bu?"

"Baba yangu ndiye mwamuzi wa wekundu hapa Lasem, Dokta."

Dokta Prawesti, ambaye si mtu wa kwetu, alidhani amejibiwa hapana.

Lakini hakumwacha aondoke mikono mitupu. Chuo kilekile kilikuwa na tawi la bohari na hesabu za meli, na huko hawakutazama macho bali akili. Mkuu wa chuo angempokea Wahono, mradi mlezi wake wa kiume aandike barua ya kukiri upungufu wa kijana na kumwombea nafasi, na barua itoke Lasem kabla ya wiki kwisha. Ikichelewa, nafasi ingekwenda kwa mwingine, na Wahono angerudi kukoroga mapipa ya rangi. Fikiria mwenyewe: mapipa ya rangi.

Marsiyem alimpelekea baba yake habari hiyo, akaacha nje ile sehemu ya mbegu na urithi. Pak Dikromo alikataa. Siku iliyofuata akakataa tena, ila kwa sauti ndogo zaidi. Mwishowe, binti alipoketi chini mbele yake akaacha kupika, alichukua kalamu. Aliandika kwamba mjukuu wake ana kasoro ya macho, nayo imetoka upande wa baba yake, watu wa Blora, ambao hata mvua ikinyesha huona vumbi. Akamwombea nafasi ya bohari. Akatia saini.

Sasa lakiri, ile nta ya kufungia barua. Nyah Kwie, bibi mwenye karakana kubwa ya batiki, alikuwa amempa zawadi ya kisanduku chenye vijiti viwili vya lakiri na muhuri wa shaba. Pak Dikromo alikuwa na utaratibu wake: nyekundu kwa barua za heshima, kijani kwa mambo ya sokoni. Nyekundu ilikaa kulia, kijani kushoto, na kwa sababu hiyo alikuwa hajakosea hata siku moja. Lakini juma lile Wahono alikuwa ameazima kisanduku kuziba ufa wa filimbi yake ya mianzi, akavirudisha vijiti kwa uangalifu mkubwa, kila kimoja mahali alipoona ni pake.

"Aibu haistahili nyekundu," alisema Pak Dikromo, akachukua kijiti cha kushoto, akakiyeyusha juu ya mshumaa. Marsiyem alitazama tone likianguka juu ya bahasha, jekundu kama jogoo amechinjwa hapo mezani. Alikuwa mtoto wa mama yake. Akaisimamisha bahasha nyuma ya saa ya ukutani, aipeleke posta kesho yake.

Kesho yake Pak Dikromo alikwenda kunywa kahawa kwenye kibanda cha Kasan. Kasan huyu alikuwa mtu ambaye hawezi kulala na neno tumboni, na mke wake ndiye anayefagia zahanati.

"Pak," alisema Kasan huku akipanguza gilasi, "nasikia dokta kasema ugonjwa wa Wahono hautoki Blora."

"Unatoka wapi?"

"Kwa baba wa mama. Sasa mimi si msomi, nahesabu kwa vidole tu. Mama ni Marsiyem, Yem wako. Baba wa Yem..." Akakunja kidole kimoja, akakitazama, akakikunjua. "Ah, labda nimehesabu vibaya."

Watu kibandani wakazama katika gilasi zao. Pak Dikromo aliondoka bila kumaliza kahawa, akapitia nyumbani, akafungua sanduku, akatoka na vitambaa viwili chini ya kwapa.

Zahanati ilikuwa imejaa, kama kawaida ya Ijumaa. Mbele kabisa alikaa Nyah Kwie, amekuja kupimwa presha, na nyuma yake akina mama wa mtaa na watoto wao. Pak Dikromo hakupanga foleni.

"Dokta, unawaambia watu mimi sioni?"

"Nimezungumza habari za mjukuu wako tu, Pak. Wewe sijakupima."

"Nipime."

Daktari alisita, kisha akafungua kitabu. Ukurasa wa kwanza mzee akasoma kumi na mbili kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Akafunua mwenyewe wa pili. "Hapa wamesahau kuandika." Akafunua wa tatu. "Na hapa wamesahau." Akafunua mingine miwili kwa haraka, kisha akakirudisha kitabu mezani kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. "Kitabu hiki kimepauka. Kitambaa kama hiki ningekirudisha pipani."

"Sabini na nne," alisema kwa sauti ya chini mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa amechungulia.

"Nani kakuuliza wewe?"

Mwanamke akatazama chini. Pak Dikromo akatandika vitambaa vyake juu ya meza ya daktari. Kimoja kilikuwa kitambaa cha harusi cha marehemu mke wake, wekundu ambao hata leo Lasem haijatia mwingine kama huo. Cha pili kilikuwa saruni yake ya kufanyia kazi, kahawia, yenye doa la mchuzi.

"Sasa zamu yangu, mwanangu. Nioneshe nyekundu."

Daktari akagusa kitambaa cha harusi. Pak Dikromo akatabasamu kwa huruma, kwa lile pengo lake la meno mawili. Pale Marsiyem hakuwapo, na kahawa haikuwapo.

"Nyie watu wa vyuo," alisema. "Hicho ni cha jikoni. Nyekundu ni hii hapa." Akaiinua juu saruni yake yenye doa la mchuzi, ili foleni nzima ifaidi.

Mtoto mmoja aliendelea kunyonya.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hawakusema mwenye macho akishatazama anafanya nini. Nyah Kwie aliitazama ile saruni, na nyuma ya saruni akaona vitambaa vyote vya harusi alivyouza kuanzia Rembang mpaka Tuban kwa neno la mtu huyu. Kila mwanamke kwenye foleni alikuwa na kitambaa chake kabatini, na mama mkwe nyumbani anayengoja sababu. Kama mwamuzi haoni, je, ile siku uani ilikuwa nini? Ni kweli kwamba vitambaa vyao vilikuwa vyekundu kweli, vyekundu kuliko mji wowote wa pwani ile. Lakini hilo lingeweza kuthibitishwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo kazi yake ilikuwa kuleta kahawa, kwa hiyo hakuna aliyemfikiria.

"Mwanga wa humu ndani mbaya," alisema Nyah Kwie.

"Kweli, mbaya," alisema yule wa sabini na nne, na akina mama wakaitikia mmoja baada ya mwingine kama kiitikio cha ngoma.

Dokta Prawesti aligeuka akatazama dirisha. Jua la Lasem lilikuwa limemwagika sakafuni kote.

"Nyah," alisema, "na wewe unaona hiyo ndiyo nyekundu?"

"Mimi, Dokta, naona anavyoona Pak Dikromo. Wewe umekuja juzi."

Alasiri ile ukumbi wa Pak Dikromo ulijaa. Nyah Kwie alileta keki za mchele, wazee walileta ushauri, Kasan alikuja kuonyesha kwamba hana kinyongo. Ikakubaliwa kwamba heshima ya mji imeguswa na kwamba ile barua ya kukiri lazima ifutwe. Pak Dikromo akaandika mpya, kwa mkuu yuleyule wa chuo, akiisoma kwa sauti kila sentensi ilipokamilika. Alimjulisha kwamba kitabu cha vidoadoa kinachotumiwa na serikali kimepauka. Kwamba ukoo wake umeamua wekundu bila kukosea tangu zamani. Kwamba Wahono apokelewe sitahani mara moja. Na kama mkuu ana shaka, aje Lasem na jogoo wake mwenyewe. Wazee wakasema barua imekaa vizuri. Wahono aliketi kwenye kona, anaisikia safari yake ya Semarang ikizama sentensi baada ya sentensi, wala hakuthubutu kumkatiza babu yake.

Marsiyem alithubutu. Aliweka gilasi ya kahawa mbele ya baba yake na kusema, "Pak, ukiituma hiyo, Wahono atakosa vyote viwili. Sitahani hawamtaki, na bohari utakuwa umeifunga wewe."

"Nduk," alisema mzee, na neno hilo, ambalo kwa kawaida ni la kumbembelezea binti, lilitoka kama kofi, "mambo ya rangi niachie mimi."

Akafungua kisanduku. Akachukua kijiti cha kulia, cha heshima, akakiyeyusha. Tone lilianguka juu ya bahasha, la kijani, kijani cha jani la mgomba baada ya mvua. Akalikandamiza kwa muhuri, akaiinua bahasha wote waione.

Nyah Kwie alitazama dari. Mzee mmoja akapata kitu cha kuondoa kwenye kucha. Kasan alifungua mdomo, akatia keki ndani yake.

"Imekaa vizuri, Pak," alisema Nyah Kwie. "Wekundu wa heshima."

"Nyekundu kabisa, Mbah," alisema Wahono kumjibu babu yake kutoka kwenye kona, na katika chumba kizima ni yeye peke yake aliyesema kwa moyo safi.

Pak Dikromo akaagiza ile barua ya jana iletwe, ili mashahidi waone mwisho wake. Marsiyem akaitoa nyuma ya saa, akailaza mezani kando ya ya pili. Bahasha zilikuwa sawa, mkuu wa chuo mmoja, mwandiko mmoja. Mtu mwingine angesema "peleka hii, choma ile," akaonyesha kwa kidole. Pak Dikromo alikuwa bingwa wa rangi. Aliegemea kiti, akafumba macho kama anayechoka na utukufu, akasema kwa rangi.

"Yenye lakiri nyekundu ipeleke posta sasa hivi. Yenye kijani tia motoni."

Marsiyem hakunyoosha mkono. "Yenye nyekundu posta, yenye kijani motoni?"

"Huna masikio?"

"Ninayo, Pak. Nataka nisije nikakosea mbele ya wageni." Akamgeukia mwenye karakana. "Nyah, umesikia baba alivyoamua?"

Nyah Kwie akashusha macho yake kutoka darini. Alizitazama bahasha mbili, akamtazama Marsiyem, na polepole akaona mlango ulivyofungwa. Ili kuiokoa barua ya heshima ilibidi mtu mmoja tu katika ukumbi ule aseme kwamba kijani ni kijani. Alingoja kidogo, labda atajitokeza mwingine. Wazee walikuwa wanatafuna.

"Nimesikia," alisema.

"Wazee je?"

Wazee walikuwa wamesikia.

Basi Marsiyem akatii, neno kwa neno. Alipeleka jikoni bahasha yenye kijani, akaitia chini ya chungu cha wali, na harufu ya lakiri ikaingia ukumbini. Pak Dikromo aliivuta puani akasema hata harufu yake ni ya kishenzi. Kisha binti akajifunga kitambaa kichwani, akatoka na ile nyingine, akitembea upesi bila kukimbia, maana anayekimbia huulizwa anakwenda wapi.

Karani wa posta alikuwa anafunga dirisha. Aliipokea bahasha, akaipima kwa kiganja, akagonga muhuri wake, kisha akainama kuitazama lakiri.

"Hii ndiyo damu ya kuku hasa," alisema. "Mzee kaiamua mwenyewe?"

"Kaiamua mwenyewe," alisema Marsiyem. "Mbele ya mashahidi."

Karani akaitupa mfukoni pamoja na nyingine za Semarang, akakaza kamba, akaukabidhi mfuko kwa dereva aliyekuwa anangoja.